Mshika Bendera wa Kona ya Kisima

Watu wa Saint-Vivien hupenda kusema kwamba barabara yetu ya mbio za magari ilijengwa na matajiri wa Montreal. Hiyo ni nusu ya habari. Matajiri walileta lami. Ardhi ilitoka kwa wakulima waliochoka kung'oa mawe. Mmoja wao alikuwa Hormidas Brisebois, aliyekuwa na shamba la viazi chini ya Mlima Cornu na miti michache ya shira, ile inayogemwa utomvu mtamu, upande wa kaskazini. Hoteli ya skii, ya wageni wanaokuja kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu, ilikuwa imekwisha kusimama mlimani. Msimu wa baridi wageni walijaa mpaka wakalala kwenye korido, lakini theluji ikiyeyuka vitanda vilibaki vitupu hadi theluji nyingine. Wenye hoteli wakakaa wakafikiri ni kitu gani kingewaleta watu wakati wa kiangazi. Wangeweza kuchagua muziki, au samaki wa ziwani. Wakachagua magari.

Hormidas aliuza, akahamia nyumba ndogo karibu na kanisa, na hakupata kukanyaga tena huko. Barabara ilipochorwa, kona yake ya sita ikapita hasa mahali kilipokuwa kisima chake. Kisima kilifukiwa kwa kifusi, jina likabaki: Kona ya Kisima. Ni kona mbaya. Gari linatoka juu ya kilima kidogo, dereva haoni kilicho mbele, kisha ghafla njia inashuka na kupinda kushoto. Hormidas angewaambia kwamba hata farasi wake alipunguza mwendo pale, lakini hakuna aliyemuuliza.

Binti yake Aldéa ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Alikuwa mpishi katika jiko la hoteli, mwanamke mpana wa mabega, asiyeolewa, mwenye sauti nene. Wapishi wenzake walimtania kwamba akiamua kunong'ona, wanaokula ukumbini wanadhani ni tangazo. Kuteleza kwenye theluji alijifunza utotoni kwa mbao za pipa alizofungiwa na baba yake, na kwa hiyo siku zake za mapumziko wakati wa baridi alifanya kazi ya uokoaji mlimani, bila malipo, kama ilivyokuwa desturi. Wanawake waokoaji walikuwa wachache. Wanaume walimpokea kwa sababu angeweza kushusha sleji, kitanda cha kuburuta kwenye theluji, yenye mtu mzima hadi chini bila kumtikisa.

Kazi ile ina sheria yake, na watoto wa hapa huijua kabla ya katekisimu. Mtu akianguka akaumia, wa kwanza kumfikia huchomeka skii zake mbili kwenye theluji, juu kidogo ya mahali alipolala, akizipishanisha. Kila anayeshuka akiziona anajua kuna mtu chini yake, naye anapita mbali. Kisha mwokoaji hupiga magoti kando ya aliyeumia na haondoki. Ipige dhoruba, zigande kope, haondoki mpaka wenzake wafike. Aliyeanguka haachwi peke yake. Aldéa alikuwa ameishika sheria hiyo kwa miaka mingi, na wako watu wanaotembea leo kwa sababu aliishika.

Barabara ya mbio ilipofunguliwa, wenye kazi walihitaji watu wa kusimama kwenye kona na bendera. Waliwaendea waokoaji wa mlimani, watu waliozoea baridi, damu na amri. Alikuja bwana mmoja wa mjini akawafundisha alasiri moja: bendera ya njano ni hatari mbele, punguza mwendo, usipite gari lingine, ipunge kwa nguvu. Akala chakula cha jioni akaondoka. Hakuwaambia mikono ifanye nini mtu anapolia nyuma yako. Labda aliona halihitaji kusemwa. Mambo mengi yanayoua watu ni yale yaliyoonekana hayahitaji kusemwa.

Aldéa aliomba mwenyewe Kona ya Kisima. Alisema anapajua. Pamoja naye aliwekwa shemeji yake, Ovila Quesnel, mume wa dada yake, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kibanda cha mbao na simu ya kuitia gari la wagonjwa. Ovila alikuwa fundi wa mabomba, mwembamba, mwingi wa maneno, na alibeba sandwichi nyingi kuliko ilivyostahili.

Jambo lenyewe lilitokea Jumapili moja ya Julai, mwaka wa tatu wa barabara ile, baada ya Misa. Yalikuwa mashindano madogo. Katika madereva alikuwemo kijana wetu, Réjean Lafantaisie, mwana wa mwoka mikate, aliyelijenga gari lake mwenyewe katika banda la nyuma ya tanuri. Kijiji kizima kilimcheka kwamba gari linanuka hamira na likipata joto litaumuka. Mama yake, Exilda, alikuwa amesimama kwenye uzio akijifanya haangalii.

Lilipofika Kona ya Kisima, gari lile liliteleza, likapinduka, likabaki na mkia wake juu ya lami. Réjean alitupwa kwenye majani. Aldéa aliinua bendera ya njano akapunga kama alivyofundishwa, na gari lililofuata likapunguza mwendo likapita salama. Kisha akamsikia. Réjean hakupiga kelele. Alikuwa akiita mama yake kwa sauti ndogo, na damu ilikuwa ikiruka pajani kufuata mapigo ya moyo.

Aldéa aliyafanya aliyoyafanya mlimani maisha yake yote. Aliichomeka bendera kwenye majani kando ya njia. Akachukua ufagio wa kufagilia mafuta barabarani, akauchomeka nao, akaupishanisha na mpini wa bendera. Kisha akakimbia, akapiga magoti, akaingiza kidole gumba kwenye kinena cha kijana yule, akakandamiza kwa uzito wake wote. Damu ikasimama.

Ovila alikuwa ndani ya kibanda, mgongo kwa njia, akipiga kelele kwenye simu.

Dereva wa gari la mbio hatafuti mti uliochomekwa majanini. Anatafuta mkono unaocheza. Upepo ulikuwa unatoka nyuma, bendera ikajilaza juu ya mpini wake kama kitambaa cha kudekia. Gordon Petrie, mwalimu wa hesabu kutoka Ontario, alitoka juu ya kilima kwa mwendo wake wote, akakutana na mkia wa gari la Réjean. Gari lake lilizunguka likampita Aldéa kwa karibu sana hata akasikia joto lake shingoni, likaingia kwenye miti ya shira ya baba yake. Hakuondoa kidole. Alisema baadaye kwamba hakugeuza hata kichwa, na hakulisema kwa kujisifu.

Réjean alipona, akabaki akichechemea. Petrie alikatwa mguu wa kulia juu ya goti.

Wiki ile Saint-Vivien ilikuwa na shujaa. Exilda alifika jikoni hotelini mbele ya wapishi wote, akaishika mikono ya Aldéa akaibusu, unga wa mmoja ukachanganyika na unga wa mwingine. Padre alimtaja kanisani. Habari za yule wa Ontario zilisemwa kwa upole lakini kwa ufupi, na polepole ufupi ule ukapata umbo: mgeni alikuwa na haraka, mgeni hakutii bendera. Hakuna aliyekaa chini akaubuni uongo huo. Ulikua wenyewe, kama magugu kwenye shamba lisilolimwa.

Chama cha mbio kilitangaza kwamba kitatuma watu kusikiliza ushahidi. Mwenyekiti wa barabara yetu, Bwana Marsolais, aliyekuwa pia na duka la vifaa vya skii, alimwita Aldéa ofisini. Alimweleza kwa adabu hali ilivyo. Chama kikiona kosa ni la dereva, mbio zitaendelea wiki hiyohiyo. Kikiona kosa ni la kituo, barabara itafungwa, na kiangazi chote kitakwenda nayo: wahudumu wa hoteli, wenye vyumba, wauza soseji, wote. Hakumwomba aseme uongo. Alimwambia ataulizwa kama bendera ilikuwepo, na bendera ilikuwepo. Ajibu alichoulizwa na asiongeze. Aldéa akamwambia atafikiri.

Aliporudi nyumbani alimkuta Ovila kwenye ngazi za baraza.

"Mimi nimekwisha kuandikisha maneno yangu, shemeji," alisema. "Nimesema ulikuwa unapunga."

"Ulikuwa umenipa mgongo, Ovila."

"Nilikupa mgongo, ndiyo. Lakini nakujua miaka ishirini. Nikisema ulipunga, ni kama nimeona."

"Hukuona."

"Basi nyamaza tu, mwanamke wewe. Kuna ugumu gani? Hotelini wanalalamika hunyamazi, basi wafurahishe leo."

Exilda naye alikuja, na mkate wa moto kwenye kitambaa. Hakuzunguka. Alimwambia Aldéa: "Wewe uliniokolea mwanangu. Niache na mimi nikuokoe wewe." Nikumbushe hapa kwamba hawa hawakuwa watu waovu. Walimpenda. Ugumu wa uongo wa namna hii ni huo hasa, kwamba unaletwa mlangoni na watu wanaokupenda, ukiwa wa moto, umefungwa kwenye kitambaa safi.

Aldéa hakulala vizuri siku zile. Kujilaumu kwake hakukuwa kwepesi, kwa maana hakuona alipaswa kufanya nini kingine. Angeshika bendera, Réjean angekufa akiita mama yake hatua chache nyuma yake. Aliiacha bendera, na mtu mwingine akapoteza mguu. Kwa siku kadhaa alidhani kwamba ikiwa hakuna njia iliyokuwa safi, basi si lazima kusema ipi alipita.

Kilichomtoa hapo ni safari ya hospitali. Alipanda basi kwenda Montreal na pai ya nyama kwenye kikapu, kwa kuwa hakuweza kwenda mikono mitupu. Petrie hakujua Kifaransa zaidi ya salamu, na Aldéa hakujua Kiingereza zaidi ya majina ya vyakula. Muuguzi mmoja, mwanamke mzee wa Gaspé, akawa mdomo wao. Aldéa alianza kusema pole. Petrie akamkatiza. Alikuwa amejiinua kwenye mito, uso umekonda, na alikuwa na swali moja tu.

Muuguzi alilitafsiri bila kumwangalia yeyote. "Anauliza kama wewe ndiye uliyekuwa kwenye ile kona. Anasema anaambiwa aliipita bendera. Analala akiitafuta. Anasema, kama niliipita bendera, basi mguu huu nimeukata mwenyewe, na ningeweza kumuua yule kijana. Anataka kujua aliipita au la."

Basi huo uongo mpole wa Saint-Vivien ulikuwa na mwenyewe aliyeubeba. Ulikuwa umelala kitanda kimoja na mtu ambaye hakufanya kosa lolote, ukimwamsha kila usiku.

Aldéa alimwambia yote: kilio, ufagio, mipini iliyopishana. Muuguzi alipofika kwenye ufagio alisita akamtazama kwanza Aldéa, kisha akaendelea. Petrie alisikiliza mpaka mwisho. Hakumshukuru. Hakumsamehe pia, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumtaka afanye hivyo. Aliufunika uso kwa viganja vyake viwili akabaki hivyo, na baada ya muda muuguzi akamgusa Aldéa bega ili aondoke. Pai aliiacha juu ya kabati.

Ushahidi ulisikilizwa katika ukumbi wa kulia wa hoteli, viti vya wageni vikiwa vimepangwa kama kanisani. Watu wa chama walikuwa watatu, wamevaa tai kwenye joto lile. Ovila alisema alichokwisha kusema. Exilda alikuwa amekaa mbele, na Réjean kando yake na magongo yake. Aldéa alipoitwa, alivua aproni kwanza akaikunja akaiweka kitini, jambo lililowachekesha wapishi wenzake walioegemea mlango wa jikoni.

Mkubwa wa wale watatu alimwuliza kama bendera ya njano ilikuwepo kwenye Kona ya Kisima gari la Bwana Petrie lilipofika.

"Ilikuwepo," Aldéa alisema, "lakini haikuwa mkononi mwangu."

Akaendelea, kwa sauti yake ileile nene, akaeleza kila kitu kama alivyomweleza Petrie. Akasema dereva hakuona bendera kwa sababu hapakuwa na cha kuona. Akasema shemeji yake alikuwa akifanya kazi yake kwenye simu na asingeweza kuona. Akamwangalia Ovila aliposema hivyo, ili ajue kwamba amemwachia mlango wa kutokea. Ovila akaangalia viatu vyake.

Yule mkubwa akauliza kwa nini alichomeka ufagio.

"Juu mlimani ndivyo tunavyofanya. Mtu yeyote angejua."

"Mtu yeyote wa hapa," alisema yule bwana.

"Ndiyo," Aldéa akasema. "Wa hapa."

Barabara ilifungwa mpaka kiangazi kilichofuata. Aldéa alinyang'anywa bendera. Sitasema kwamba watu walimtukana, maana sisi si watu wa kutukana. Sisi ni watu wa kufunga mlango taratibu. Exilda aliendelea kumwuzia mkate, ila aliufunga bila neno. Ovila hakufika nyumbani kwa Aldéa Krismasi hiyo, ingawa dada yake alileta supu ya njegere na kusema mume wake ana mafua. Mafua yale yalidumu hadi Pasaka. Wanaume wawili waliopoteza kazi ya kiangazi walihamia Saint-Jérôme, na wake zao hawakumuaga Aldéa.

Lakini alipanda mlimani msimu wa baridi kama kawaida, akachomeka skii, akapiga magoti kando ya watu. Huko hakuna aliyemkataza, na huko alikuwa sahihi. Mimi huona kwamba hili ndilo fundisho gumu zaidi katika maisha yake, na si wengi wanaolipenda: wema uleule, mikono ileile, na mahali pamoja unaokoa na mahali pengine unaangamiza. Nia njema haitoshi. Ni lazima mtu ajue amesimama wapi.

Barabara ilipofunguliwa tena ilikuwa na sheria mpya, iliyotokana na maneno yake. Kila kituo watu wawili mbali na mwenye simu: mmoja wa bendera, mmoja wa kukimbia. Mwenye bendera hutazama yanayokuja, na kilichotokea nyuma yake si kazi yake, hata kama ni ndugu yake. Sheria ilikuwa nzuri, ila watu wa kuitimiza hawakutosha, na hasa hawakupatikana wa Kona ya Kisima. Wengine walisema wana kazi. Wengine walisema ukweli, kwamba wanaogopa.

Réjean Lafantaisie ndiye aliyekwenda kwa Bwana Marsolais. Mama yake hakujua. Alisema kona ile ataichukua yeye, awe mkimbiaji, kwa sharti moja la nani ashike bendera. Kisha akaenda jikoni hotelini, akamkuta Aldéa akimenya viazi.

"Nimekuja kukuchukua, mama," alimwambia. "Wewe bendera, mimi kukimbia."

Aldéa alitazama mguu wake. "Wewe? Kukimbia? Bata wa Padre anakushinda."

"Bata wa Padre hawakumtaka. Nimeuliza."

Wapishi walicheka, na Aldéa akacheka, kisha akaacha kucheka. Akamwambia hawezi kujiamini. Siku ile hakuamua kukimbia, miguu iliamua. Akisikia mtu analia tena nyuma yake, hajui miguu itasema nini.

"Utajua kwamba mimi niko naye," Réjean alisema. "Hatakuwa peke yake. Si hiyo ndiyo sheria yenu?"

Aliendelea kumenya viazi mpaka karai likajaa. Kisha akauliza kazi inaanza saa ngapi.

Nitaipitia haraka miaka iliyobaki ya barabara ile, kwa sababu wengine wameieleza kwa picha na vikombe. Ilipata miaka yake ya fahari, madereva wa nchi za mbali wakala pai zetu na kulalamikia mbu. Kisha mashindano makubwa yakahamia mjini. Baridi iliinua lami kila mwaka mpaka ikawa na matuta kama mgongo wa ng'ombe. Wenye nyumba mpya kando ya ziwa, waliokuja kutafuta kimya, walishitaki kelele. Mwishowe tajiri mmoja akainunua aendeshe magari yake mwenyewe, na leo ukipita huko utakuta lango lenye kufuli na, siku nyingine, mlio wa gari moja tu, kama nyuki ndani ya chupa. Mlima umebaki. Hoteli imebadilishwa jina. Exilda alirudi kuzungumza na Aldéa muda mrefu kabla ya hayo, ghafla siku moja, juu ya bei ya siagi, kana kwamba hawakuwahi kuacha.

Aldéa alishika bendera Kona ya Kisima mpaka mashindano ya mwisho ya umma. Ajali mbaya zilitokea pale, nyingine zikasimuliwa mpaka ng'ambo. Uzeeni, akiwa ameketi mbele ya nyumba ya baba yake karibu na kanisa, wapenzi wa magari walimfuata na maswali. Lile gari jekundu lilipinduka mara ngapi? Ni kweli kwamba dereva wa Ubelgiji alitoka kwenye moto akitembea? Jibu lake lilikuwa moja, nao waliondoka wakidhani akili imemtoka.

"Sikuona," alikuwa akisema. "Nilikuwa naangalia wanaokuja."

Siku tuliyomzika, Réjean, ambaye sasa ndiye mwoka mikate wetu, alisimama makaburini na kofia mkononi. Mtu mmoja akamtajia jibu lile, akitabasamu. Réjean hakutabasamu.

"Ni kweli, hakuona hata ajali moja," alisema. "Nimeziona mimi. Nilipiga magoti kwa watu wengi pale, mgongo wangu ukiwa barabarani na magari yakishuka kilimani. Sikuwahi kugeuka kuangalia nyuma, maana bendera ilikuwa mkononi mwake."

Akavaa kofia, akateremka kwenda kufungua duka, maana ilikuwa Jumamosi na watu walihitaji mkate.